Ndama Hanyooshewi Kidole

Sauti iliyonishtua kwanza ilikuwa ya komeo. Hakikuwa kilio cha mtoto wala kitu kilichovunjika. Kilikuwa chuma kikiingia ndani ya chuma, polepole, kwa mkono wa mtu anayejua anachokifanya. Nilikuwa nimeketi kwenye mkeka uani kwa Bibi Ng'washi, hapa Tinde. Mbele yangu palikuwa na vizibo vya soda, kopo la karanga na picha ya familia niliyoikata kwenye kalenda ya zamani. Mwanafunzi wangu pekee, Kabula, mtoto wa miaka mitano, alikuwa ameinuka bila kuaga, akavuka ua na kujifungia chooni.

Nilikuwa nimemwuliza swali moja tu: "Kabula, mko wangapi nyumbani kwenu?"

"Ameingia?" bibi yake aliuliza kutoka jikoni.

"Ameingia, Bibi."

"Basi subiri. Jana alikaa mle mpaka nikadhani amehama."

Ninyi mnaoanza kazi hii ya kufundisha watoto wadogo, na ninyi wazazi vijana mnaonisimamisha njiani kuniuliza mwanzie wapi na mtoto ambaye hajafikia umri wa shule, nawaandikieni kwa sababu ya komeo lile. Nimefundisha darasa la awali na la kwanza maisha yangu yote ya utumishi. Shahada ya uzamili niliipata nikiwa tayari na mvi, na tasnifu yangu ilihusu jinsi mtoto mdogo anavyoijenga dhana ya namba. Nilipostaafu nilidhani kwamba katika eneo hilo, dogo mno lakini langu, hakuna mtoto wa kunishangaza. Siku ya kutetea tasnifu nilisimama mbele ya wahadhiri na sauti yangu haikutetemeka. Uani kwa Bibi Ng'washi vizibo viliniponyoka, kwa sababu miezi miwili nyuma mtoto huyohuyo alikuwa akihesabu kupita ishirini huku akicheka, na sasa hakukubali kutamka hata moja.

Niwaelezeni kwanza kilichokuwa kikisubiriwa, ili mwone uzito wake.

Mama yake Kabula anauza vitenge sokoni Katoro. Baba yake ni mchimbaji. Leo yuko shimo hili, mwezi ujao shimo lingine, na simu yake hupatikana pale dhahabu isipopatikana. Mama amepanga chumba nyuma ya duka, naye hushinda dukani tangu asubuhi mpaka jua linazama, kwa hiyo hakuwa na mtu wa kumwachia mtoto. Ndiyo maana Kabula alikuwa akilelewa Tinde kwa mama mkwe, akimwona mama yake sikukuu kwa sikukuu. Kisha shule moja ya Katoro ikaanza kukaa na watoto mpaka jioni. Kwa mama yule ilikuwa kama mlango umefunguliwa ukutani. Lakini shule hiyo hupokea watoto kwa usaili, ambao wazazi wa Katoro wote huuita intavyuu. Kabula akipita, Januari angehamia kwa mama yake. Asipopita, angebaki Tinde mwaka mwingine mzima.

"Mwalimu," mama huyo aliniambia alipokuja kuniomba, "ulinifundisha mimi kushika penseli. Mshikishe na huyu."

Ningemkatalia vipi? Nilimkumbuka akiwa darasa la kwanza, mbishi, akiishika penseli kama mtu anayeshika mpini wa jembe.

Hapo kwenye penseli nisimame kidogo, kwa maana ndipo wazazi wengi wanapoharibu. Mwalimu aliyenilea kikazi alikuwa mwanamke wa Ushetu aliyeitwa Mwalimu Nyamizi, mkali na mwenye kucheka. Hakumruhusu mtoto yeyote kushika penseli kabla hajaweza kubangua karanga kwa vidole vitatu bila kuiponda punje. "Kidole kisichoweza karanga," alikuwa akisema, "hakiwezi herufi." Nilicheka kimoyomoyo, kwani nilikuwa nimetoka chuoni na daftari lililojaa nadharia. Miaka mingi baadaye, nikiandika tasnifu, nilisoma kurasa nyingi kuhusu misuli midogo ya mkono wa mtoto, na kila ukurasa ulinukia karanga. Kwa hiyo mpeni mtoto karanga, mpeni maharage achague mawe, mpeni tope afinyange ng'ombe. Herufi aichore kwanza kwenye mchanga au kwenye sinia lililonyunyizwa unga, kwa maana kosa la mchangani hufutika kwa kiganja, halimwachii mtoto kovu la kifutio.

Nyamizi alinifundisha na jambo lingine, na hili lilinivunja kiburi. Darasa langu la kwanza kabisa liliimba namba kuanzia moja mpaka mia, kwa sauti moja, na mabega yakicheza. Nilimwita aje asikie. Alisikiliza mpaka mwisho, akapiga makofi, kisha akamwita mtoto mmoja aliyeimba kwa nguvu kuliko wote na kumwambia, "Niletee vijiti sita." Mtoto akakimbia nje na kurudi amekumbatia kuni za kupikia uji wa shule nzima.

"Wanajua wimbo," Nyamizi alisema. "Sasa wafundishe namba."

Tangu hapo sikumfundisha mtoto namba isiyoshikika. Kizibo kimoja, neno moja. Vizibo viwili, neno la pili. Mkono uguse, mdomo utamke, jicho lione. Siku hizi mnazo simu zenye katuni zinazohesabu kwa Kiingereza, na mtoto anazifuata kwa mdomo bila kukosea. Sizipingi simu. Nasema tu kwamba mtoto wa simu naye mtumeni vijiti sita.

Na mkifunga somo, lifungeni mtoto akiwa bado analitaka, kama mnavyomnyang'anya bakuli lenye tonge la mwisho. Kesho atakuja mwenyewe na mkeka.

Sasa mnielewe ninapowaambia kwamba Kabula alikuwa mtoto wa aina hiyo. Nilipoanza naye wakati wa kiangazi, yeye ndiye aliyekuwa akiniletea mkeka. Alihesabu vizibo, masuke na ngazi za dari. Akanifuata mpaka njiani akihesabu hatua zangu, na nilipopunguza mwendo akanigombeza kwamba namharibia. Kisha nikasafiri kwenda Mwanza kumwuguza dada yangu, nikakaa huko kuliko nilivyotarajia. Niliporudi nikakuta komeo.

Mtu mwenye tabia yangu akipata tatizo, hapati usingizi mpaka alipange. Nililigawa lile tatizo sehemu sehemu. Je, ni macho? Nilimwonyesha kunguru juu ya mti wa mbali, akaniambia ana kitu mdomoni. Je, ni masikio? Nilinong'ona jina lake nikiwa nyuma yake, akageuka. Je, ni lugha? Nyumbani kwa Bibi Ng'washi Kisukuma ndicho kinachotawala, nami nikajilaumu kwamba huenda Kiswahili changu cha kitabuni kimemchosha. Nikamwuliza kwa Kisukuma, na komeo likalia vilevile, pengine kwa nguvu zaidi. Je, ni kuchoka? Lakini herufi alizipenda. Aliandika "baba" kwenye unga wa sinia, akaipulizia, akaiandika upya. Nikaanza kumfikiria kwa majina ya kitaalamu ya matatizo ya hesabu ambayo mtoto wa miaka mitano hapaswi hata kubandikwa. Nakiri hapo nilikuwa nikimtazama kama mfano katika tasnifu.

Na kila Jumapili mama yake alipiga simu.

"Shikamoo, Mwalimu. Amefika ngapi?"

"Marahaba, Mama Kabula. Anaendelea."

"Anaendelea wapi?"

"Anaendelea vizuri sana na herufi."

"Mwalimu, mimi nakuuliza ngapi, wewe unanijibu herufi. Mimi ningekujibu hivyo darasani ungenisimamisha kona."

Nilikata simu nikiwa nimesimama, na kwa kweli nilikuwa nimesimama kona.

Kabla sijaendelea, niwasimulie mtoto mwingine, maana ndiye aliyepaswa kunizindua mapema. Mara tu baada ya kustaafu nilikuwa nikifundisha nyumbani kwa mnunuzi mmoja wa dhahabu pale Katoro. Mwanawe wa kiume alikuwa wa rika la Kabula, mtoto wa nyumba ambamo mizani ndogo ilikuwa mezani kama sahani zilivyo mezani kwenu. Nilimwuliza, "Kipi kikubwa, tatu au tano?"

Akanitazama kwa huruma. "Inategemea, Mwalimu. Imechomwa au bado?"

Baba yake alicheka mpaka akashika ukuta. Dhahabu ikichomwa hupungua uzito, na mtoto yule alikuwa ameona watu wazima wakigombana kwa ajili hiyo. Hakukosa hesabu. Alinijibu kutoka nyumbani kwao. Nilicheka pamoja na baba yake, nikalisimulia kila mahali kama kichekesho, na haikunijia kwamba kila mtoto hujibu kutoka nyumbani kwao, hata yule anayejibu kwa komeo.

Jibu la Kabula nililipata jioni moja kwenye zizi.

Bibi Ng'washi alikuwa amesimama langoni mwa zizi akiwaingiza ng'ombe, mmoja baada ya mwingine, akiwaita kwa majina na kuwasema tabia zao. Huyu mlafi, huyu ana deni la maziwa, huyu mama yake alikuwa na adabu, sijui yeye amerithi wapi. Ndama walikuwa pembeni kwenye zizi lao dogo la miiba. Niliona nafasi ya kufundisha kwa mazingira, jambo ambalo nimelihubiri miaka yote. Nikachuchumaa karibu na Kabula, nikanyoosha kidole.

"Tuwahesabu ndama. Mmoja, wawili, wata..."

Sikumaliza. Alikidaka kidole changu kwa mikono yake yote miwili akakikunja, na nguvu alizotumia hazikuwa za mtoto.

"Usiwanyooshee! Watakufa!"

"Nani atakufa, Kabula?"

"Wote. Kama Madoa."

Nilikaa chini kwenye samadi kavu, na gauni langu nililolipiga pasi asubuhi. Hilo nawashauri: mtoto akianza kusema jambo zito, kaeni chini papo hapo, msitafute kiti. Akanisimulia kwa sauti ndogo, akitazama mlango wa zizi asije bibi akasikia. Nilipokuwa Mwanza, alikwenda peke yake kuwahesabu ndama kwa kidole, kama tulivyohesabu vizibo. Madoa, ndama mwenye mabaka, alikuwa wa mwisho.

"Nilipomnyooshea akanitazama," alisema. "Asubuhi akafa. Bibi akauliza, nani amewahesabu ndama wangu? Mimi nikanyamaza."

"Hukumwambia mtu yeyote?"

Akatikisa kichwa. Kisha akauliza swali ambalo lilinipa maana ya komeo lote: "Na mama akihesabiwa?"

Vijana wengine wa mjini hamlijui hili, lakini katika nyumba nyingi za wafugaji huku kwetu mtu hahesabu ng'ombe wala watoto wake kwa kuwanyooshea kidole. Hata boga changa, utaambiwa, likinyooshewa kidole huoza. Mimi nilizaliwa humohumo. Nililijua jambo hilo kama ninavyolijua jina langu, nikaenda chuoni, nikarudi, nikamfundisha mtoto wa mfugaji kunyoosha kidole na kuhesabu kila anachokiona. Naye akatii vizuri mno. Mwezi mzima alikuwa amebeba mzoga wa ndama kifuani, na mimi nikaja kumwuliza wako wangapi nyumbani kwao, yaani kwa masikio yake, nikamwomba awaue.

Ulimi wangu ulikuwa tayari na somo la magonjwa ya mifugo. Niliumeza. Niliona kwamba maelezo yangu hayangemfutia mtoto hatia, kwa kuwa ndama hakuwa wangu. Nilimshika mkono tukaenda kwa mwenye ndama.

Kabula alijificha nyuma ya gauni langu, nami nikasema kwa ajili yake. Bibi Ng'washi alisikiliza huku akiosha kibuyu cha maziwa.

"Ni kweli nilisema," alijibu. "Nikiwa na hasira nasema mengi, Mwalimu. Siku hiyohiyo nilimwita jogoo mchawi, na jogoo bado yupo, muulize."

"Madoa alikufa kwa nini?"

"Ndigana, homa ya kupe. Josho lilikuwa halina maji, kupe wakamjaa masikioni. Nilimwambia baba mdogo wa huyu mtoto amnunulie dawa, akasema kesho. Kesho ndiyo hiyo."

Nikashindwa kujizuia, mtafiti aliyemo ndani yangu hajastaafu. "Na ng'ombe akihesabiwa, Bibi, hufa au hafi?"

Akaniangalia kama mtu anayetazama ndoo inayovuja. "Mimi sihesabu. Kwa nini nijaribu?"

Kisha akafuta mikono, akamchomoa mjukuu wake nyuma ya gauni langu, akamvuta mpaka kwenye zizi dogo. Akamshika ndama mmoja, akapindua sikio lake na kumtoa kupe aliyevimba kama punje ya mbaazi. Akamweka kwenye kiganja cha Kabula.

"Huyu ndiye aliyemuua Madoa. Wewe hujaua hata mbu."

"Lakini nilimhesabu."

"Ulimhesabu, ukakosa adabu. Kukosa adabu si kuua."

Kabula akamtazama kupe. "Na mama?"

"Mama yako? Mtu anayepiga kelele vile kwenye simu kila Jumapili? Huyo atatuzika sote." Akamwangusha kupe chini, akamkanyaga. "Vitu hesabu mpaka uchoke. Wenye pumzi waite majina. Mayu, umesikia?" Alimwita "mama" kwa Kisukuma, kama bibi anavyombembeleza mjukuu.

Alisikia. Alilia kidogo, kilio cha kawaida chenye makamasi, ambacho mwalimu yeyote wa awali hukifurahia kwa kuwa kina mwisho. Kisha akaomba amkanyage kupe na yeye.

Siku zilizofuata nilifundisha vizuri kuliko nilivyowahi kufundisha darasani, na ninyi mnaweza kuniiga. Wakati wa chakula, Kabula aliwaita watu wa nyumbani kwa majina, na kwa kila jina akaweka sahani moja mkekani. Sahani ya Bibi, sahani ya baba mdogo, sahani yake, sahani ya Mwalimu kama yupo. Akishamaliza kuita, tulihesabu sahani. Kisha tulihesabu vijiko, tukalinganisha, tukaona kipi kimezidi na kipi kimepungua, na hapo mtoto anajifunza kutoa na kujumlisha kabla hajayajua maneno hayo.

Bibi Ng'washi alitutazama kwa jicho moja. "Mwalimu, mnanizunguka."

"Tunahesabu sahani, Bibi."

"Haya. Sahani hazina pumzi." Akapakua ugali.

Namba zikarudi, kwanza kwa kunong'ona, baadaye kwa sauti. Alihesabu vizibo akapita ishirini, akapita thelathini, akakwama kwenye thelathini na tisa, mahali ambapo watoto wote wa dunia hukwama, akaruka akaita hamsini kwa ujasiri. Nilirudi kwangu nikiimba. Nilidhani tumeshavuka.

Hatukuwa tumevuka. Akina mama wa Katoro walikuwa wamepashana maswali ya usaili, kama wanavyopashana bei za vitenge, na Mama Kabula akanisomea kwenye simu. Swali la kwanza, ambalo kila mtoto huulizwa ili azoee, lilikuwa: mko wangapi nyumbani kwenu?

Nilimjaribu. Hakukimbia tena, lakini alinyamaza, na akishanyamaza hakujibu hata maswali aliyoyaweza. Nikambunia ujanja. "Ukiulizwa, wewe waza sahani, kisha uwatajie sahani ni ngapi."

Akafikiri. "Lakini hawataniuliza sahani."

Huyo ndiye mwanafunzi niliyekuwa naye. Sikuweza kumdanganya kwa kitu ambacho mimi mwenyewe nisingekikubali kwenye tasnifu.

Ikabaki simu. Ilinipasa kumpigia mwalimu mkuu wa shule ile, mtu nisiyemjua, na kumwomba asimwulize mtoto mmoja swali analowauliza wote. Mnaweza kuliona kuwa jambo dogo. Mimi sikulala nalo vizuri. Je, nilikuwa ninamtetea mtoto au ninamlegeza? Kesho karani wa sensa atamwuliza vilevile, na muuguzi wa kliniki, na hakuna sahani itakayomwokoa. Je, mwalimu mkuu angeniona msomi anayebeba ushirikina kwenye mkoba wa uzamili? Na angemwona Kabula nani? Niliandika hotuba ya simu, nikaisahihisha, nikaifupisha, nikairefusha.

Mama Kabula ndiye aliyekuwa na la kupoteza, kwa hiyo nilimwuliza yeye kwanza. Sauti yake ikabadilika.

"Mwalimu, usipige. Watasema mtoto wangu ni wa porini. Hapa kuna watoto wamezaliwa na tableti mkononi."

"Nisipopiga, atanyamaza."

"Si umfundishe tu aseme namba! Neno moja, Mwalimu. Neno moja!"

"Nikimlazimisha neno hilo, Mama Kabula, atalisema. Kisha kila utakapougua mafua atadhani yeye ndiye anayekuua."

Sokoni nyuma yake mtu alikuwa akinadi mashuka. Mama Kabula akamwambia mteja asubiri.

"Basi piga," aliniambia. "Ila mambo ya ndama usiyataje."

Nikapiga asubuhi iliyofuata, nikiwa nimesimama, karatasi ya hotuba mkononi. Alipokea mwalimu mkuu mwenyewe, kijana mwenye sauti ya haraka, na nyuma yake watoto wakipiga kelele za mapumziko. Nilipojitaja kuwa mwalimu mstaafu kutoka Tinde, alinipa shikamoo kabla sijamaliza jina.

"Marahaba. Nina ombi kuhusu mtoto anayekuja usaili, Kabula."

"Naam, Mwalimu, sema."

Nikaitazama karatasi. Sentensi yangu ya kwanza ilikuwa na vishazi vitatu. Nikaiweka chini, na ndama akanitoka mdomoni, mzima mzima, na mabaka yake, na kupe, na kidole kilichokunjwa. Nikamweleza habari za sahani. Nikamwomba kwamba badala ya kumwuliza wako wangapi, wamwambie awataje wa nyumbani kwao, kisha wampe vizibo ahesabu.

Nikajiandaa kujitetea.

"Mwalimu," akasema, na haraka ilikuwa imemtoka sautini, "mimi ni mtoto wa Ushetu. Mama yangu ukimwuliza ana watoto wangapi, anakujibu, 'Wapo.' Mpaka leo. Wapo, basi."

"Kwa hiyo unanielewa."

"Nakuelewa mpaka naona aibu. Na hivyo vizibo anahesabu kweli?"

"Mpaka thelathini na tisa bila kukosea. Baada ya hapo kuna hamsini."

Alicheka. "Hamsini tutaishughulikia sisi. Mwambie mama yake amlete, na aanze kutafuta sare."

Nikamshukuru, nikamshukuru tena, nikasahau kukata simu. Naye hakuikata, naona aliiweka mezani. Nilisikia kiti kikisogezwa, kisha sauti yake ikimwuliza mtu mwingine mle ofisini:

"Hivi haya maswali yetu ya usaili, nani aliyatunga?"

Mwanamke akamjibu, "Tuliyakuta, Mwalimu."

"Lete kalamu."